Vuli Tuliyoihama Litaduno

Septemba 2
Mvua tangu alfajiri hapa ngomeni Litaduno. Shayiri ya bondeni ilikatwa juzi na sasa imelala mashambani, imelowa chapachapa. Mzee Kunoveda, mkuu wa watu wa bonde hili, alikuja hivyo hivyo na magunia machache, akaketi jikoni kwetu huku maji yakimchuruzika ndevuni. Mume wangu, mkuu wa ngome, akamwambia angengoja jua.

"Jua?" mzee akasema kwa lugha yetu, anayoivunja bila aibu. "Mwanangu, nikingoja jua, farasi wenu watakula viatu."

Kisha akauliza habari za bafu tunalolijenga nje ya ukuta. "Kila siku mnaoga. Kila siku! Ninyi mna ugonjwa gani?" Binti yake Ategna akacheka mpaka akamwamsha binti yangu Materna mgongoni mwake.

Ategna ni yaya wa mwanangu tangu homa iliponikausha maziwa. Mume wake aliuawa miaka mitatu iliyopita katika ile vita kubwa, akiwa upande wa watu wa milimani, dhidi yetu. Mtoto wake wa pekee naye akafa mchanga. Baba yake alikuwa ameshaapa amani na Warumi, akamleta kwangu. Maziwa ya marehemu yule ndiyo yaliyomkuza binti yangu. Vita ile mimi na yeye hatujawahi kuizungumza.

Septemba 4
Mvua.

Septemba 8
Amekuja tarishi kutoka ngome kuu, ile ya juu ya mto, wanakokaa maelfu ya askari ambao sisi huku tunawaegemea. Mume wangu alijifungia naye. Mchana aliiacha nyama ya nguruwe nzima sahanini. Tangu tuoane sijamwona akiiacha nyama ya nguruwe.

"Kuna nini, Baba Materna?"

"Mambo ya kazi."

Septemba 9
Ujenzi wa bafu umesimamishwa. Kuta zimefika kifuani, paa halipo. Akida Blesus anasema chokaa imekwisha. Chokaa nimeiona mwenyewe ghalani, kavu, imepangwa hadi darini.

Simpendi Blesus. Ana mdomo mchafu, fimbo yake haikauki migongoni mwa vijana, na ana mwanamke na watoto kwenye vibanda vya nje ya lango, wala hajisumbui kuficha. Mume wangu anasema hakuna akida mwingine ambaye askari wangemfuata ndani ya maji ya baridi. Nikamwambia wanamfuata kwa sababu akiwa nyuma yao ni mbaya zaidi.

Septemba 13
Mpishi wetu Trupo ananong'ona huku akikata kabichi. "Mama, ngome kuu inaondoka yote. Mwuza samaki kasema."

"Yeye kaambiwa na nani?"

"Anauza samaki kwenye malango yote ya mto huu. Asipojua yeye atajua nani? Na mimi nakuambia sababu: Kaisari amechoka kulisha watu kwenye tope. Angalia hii kabichi. Hii ni kabichi au kamasi?"

Nilimkaripia. Halafu nikasimama dirishani kwa muda mrefu nikiwatazama walinzi, kana kwamba ningeweza kuona migongoni mwao kama wanajua lolote.

Septemba 16
Watu wa milimani wamechoma ghala la binamu yake Kunoveda, upande wa juu wa bonde. Mlinzi wa ghala wamemkata masikio wakamwachia aende akaseme kwa nini: kwa sababu shayiri ya ghala lile ilikuwa ya Warumi.

Kunoveda alikuja na majivu kwenye joho. Hakukaa. Aliomba askari wachache tu, wakalale juu ya bonde mpaka baridi iingie, kwa kuwa theluji ikianguka hakuna mtu atakayeshuka.

"Mkuu," alisema, naye kwa kawaida humwita mume wangu 'mwanangu', "watu wangu wananiuliza kama mtakuwapo. Niwaambie nini?"

"Waambie Litaduno haiendi popote," mume wangu akasema. Akaapa kwa Magusano, mungu wa nyumba yetu, yule aliyeapiwa na babu zake.

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mume wangu akawa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua, kabla sijaambiwa.

Septemba 17
Leo amenichukua kwa farasi mpaka ukingoni mwa mto, mahali ambapo maji yanapiga kelele na hakuna sikio. Akaniambia.

Upande wa pili wa dunia kuna mto mkubwa, Danubi. Watu wa ng'ambo wameuvuka na kulivunja jeshi zima. Kaisari anavuta askari kutoka kila pembe. Ngome kuu itaondoka yote, na bila ngome kuu sisi huku ni kidole kilichokatwa. Ngome zote za kaskazini zihamwe kabla ya majira ya baridi. Kila kinachoweza kuwafaa watu wa milimani kivunjwe, kizikwe au kichomwe.

"Lakini huku tulishinda," nikasema.

"Tulishinda."

"Sasa?"

"Nchi hii haitoi ngano ya kutosha. Haina fedha ardhini. Kila kilima kinataka ngome, na kila ngome inataka magunia kutoka kusini. Kungekuwa na amani kwingine, tungeendelea kujidanganya mwaka hata mwaka. Sasa hatuna nafasi ya kujidanganya." Alikuwa anamkunakuna farasi shingoni, hanitazami. "Wala usifikiri ni kwa sababu hatukupigana vizuri. Hakuna aliyeuliza tulipigana vipi."

Nikamwuliza kwa nini ni siri. Akasema wakijua, hakuna atakayeleta shayiri hata punje, na watu wa milimani watatungoja kivukoni, ambapo safu yetu itakuwa imekatika vipande viwili, nusu majini na nusu nchi kavu. Alisema hivyo kisha akataja jina la Materna.

"Na Mzee Kunoveda?"

Akakaza tandiko la farasi wake.

"Sijapewa amri yoyote kuhusu Mzee Kunoveda."

Nimeahidi kunyamaza. Tuliporudi, Ategna alikuwa langoni amembeba mtoto, akapunga mkono wake mdogo kwa ajili yetu. "Mwone mama! Mwone baba! Wametoka matembezini kama wachumba."

Septemba 20
Baridi. Ategna anamshonea Materna koti la ngozi ya kondoo. Anaulizia urefu wa mikono, maana anataka limfae na mwaka kesho.

Nikamwambia aifanye mirefu.

Septemba 23
Mvua tena. Sijalala vizuri.

Septemba 25
Nimewaza habari za bibi yangu. Alizaliwa katika nyumba ya udongo ya mviringo, kwetu Tungri, nyumba isiyo tofauti na ya Kunoveda, na baba yake aliwapelekea Warumi ng'ombe na ngozi huku majirani wakimtemea mate. Leo mimi nimefunga nywele kama wanawake wa Rumi na mume wangu anaongoza kikosi chao. Nilikuwa nimeamini, bila hata kujua kwamba naamini, kuwa ndivyo itakavyokuwa hapa pia. Wajukuu wa Ategna wangelalamika kwamba maji ya bafu hayana moto. Kumbe bibi yangu alikuwa na bahati tu. Warumi walioimeza nchi yake hawakuondoka.

Oktoba 1
Karakana inavunja vyombo. Sahani mpya, bakuli nyekundu zilizokuja msimu wa kiangazi, vikombe vya kioo, vyote vinasagwa kwa nyundo kando ya mfereji. Misumari inamwagwa kwenye shimo chini ya sakafu, misumari kwa mikokoteni, na juu yake wanashindilia changarawe. Chuma kile kingetengeneza mikuki.

Ategna alisimama akitazama, mtoto kiunoni.

"Bibi, kwa nini wanavunja vyombo vizima?"

"Vinaletwa vingine kutoka kusini."

"Basi si wangenipa mimi hivi? Mama yangu mdogo anakula kwenye kigae." Alicheka, lakini jicho lake lilibaki juu yangu hata baada ya kicheko kwisha.

Nimeanza kumwogopa mtu anayemlisha mwanangu.

Oktoba 3
Kelele ofisini kwa mume wangu mchana huu. Ilikuwa sauti ya Blesus, na ukumbi mzima ulisikia. "Tuwaambie, mkuu! Wamekula na sisi miaka mitatu. Wape siku chache wapeleke wanawake na mifugo msituni!"

"Na kivukoni utakufa wewe?"

"Nitakufa mimi, ndiyo, ndiyo kazi niliyoandikiwa! Yule mzee hajaandikiwa!"

Akatoka akiwa mwekundu. Aliponiona, akasita, akainamisha kichwa. "Samahani, mama. Mdomo wangu unanitangulia."

Nilitaka kumwambia asiombe radhi. Sikumwambia.

Oktoba 5
Mtu mwingine wa bonde amechomewa nyumba. Kunoveda hakuja kuomba askari mara hii. Alituma magunia ya shayiri, kama alivyoahidi.

Oktoba 6
Nimemwambia.

Tulikuwa chumba cha kufumia, mvua inapiga paa. Alikuwa anamaliza lile koti, anakata uzi kwa meno, akasema mwaka kesho ataongeza pindo la manyoya ya mbwa mwitu, baba yake anayo mazuri. Neno lile, mwaka kesho, alilisema kwa kawaida kabisa. Nikamwambia, "Ategna, mwaka kesho hatutakuwapo. Hakuna hata mmoja wetu. Tunaondoka kabla ya theluji."

Hakushtuka. Aliweka sindano chini.

"Tangu lini unajua?"

"Kabla mwezi huu haujaandama."

"Kabla baba hajatuma yale magunia ya jana?"

"Ndiyo."

"Tangu siku ile mlipotoka kwa farasi." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga nguo. "Nikapunga mkono."

Nikaanza kusema mengi. Nilisema aje nasi, yeye na baba yake, nitamwomba mume wangu. Akaniacha nimalize.

"Baba na watu wote wa bonde? Na ng'ombe? Au mimi tu, bibi, kwa kuwa mtoto amenizoea?"

Alimkalisha Materna sakafuni, akamvika lile koti, akalifunga vifungo vyote. Kisha akatoka. Materna alimfuata mbio mpaka kizingitini, na mlango ulipofungwa akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akimwita kwa maneno ya huku, ambayo mimi sikuyajua yote.

Nikaenda kwa mume wangu na kumwambia nilichofanya. Alisimama. Nilifikiri atanipiga, ingawa hajawahi. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Unajua umefanya nini? Akienda milimani na habari hii, tumekufa. Mimi, wewe, mtoto, vijana wote. Na tukipona, kichwa changu ni halali ya Kaisari."

"Tuma mtu amkamate, basi. Bado yuko njiani."

Lilinitoka kwa hasira. Nikaliogopa mara moja, kwa kuwa alikuwa na kila sababu ya kulifanya. Dirishani tulimwona Ategna akishuka njia ya bondeni, shela yake imelowa, hakimbii. Askari wa farasi walikuwa pale pale chini yetu. Neno moja lingetosha.

Mume wangu akaendelea kutazama mpaka yule mwanamke alipopotea kwenye mialda, ile miti ya kando ya maji. Kisha akaketi.

"Niliapa kwa Magusano," akasema.

Oktoba 7
Hakuna aliyekuja kutoka bondeni. Malango yamefungwa. Materna hali.

Oktoba 8
Hakuna moshi bondeni. Hata nyumba moja.

Oktoba 9
Trupo anasema wamekimbilia msituni. Askari wengine wanasema wamekwenda kuungana na wa milimani. Kila mtu anatembea akitazama vilima. Jana kijana mmoja wa zamu alimrushia mshale kulungu akidhani ni mtu, na leo wenzake hawamcheki. Nimeweka kisu chini ya mto wa kulalia wa Materna, kisha nikakiondoa, kisha nikakirudisha.

Oktoba 10
Amekuja.

Kunoveda alitokea barabarani asubuhi, peke yake, kwa miguu, bila upanga wala fimbo. Matope yalikuwa mpaka magotini. Wakamfungulia lango, akaja mpaka katikati ya uwanja, akasimama. Askari waliacha kazi. Mume wangu akatoka, na Blesus nyuma yake. Mimi nilisimama barazani na mtoto.

"Nina swali moja," mzee akasema. "Nijibu kweli, kisha nitakuambia neno. Mnaondoka kwa nini? Ni sisi? Shayiri haikutosha?"

"Si ninyi, mzee wangu. Kuna mto, Danubi. Kuna vita huko."

"Mto huo uko mbali kiasi gani?"

"Miezi mingi kwa miguu."

Kunoveda akatikisa kichwa polepole. "Yaani mimi nauawa na mto ambao sijawahi hata kunywa maji yake."

Akamsogelea mume wangu hatua moja.

"Haya, neno langu. Nimetoka milimani. Nimeketi na waliomchomea binamu yangu ghala. Nimewaambia mnaondoka."

Mikono ilikwenda kwenye panga uwanja mzima. Mzee hakugeuka.

"Ningeficha nini? Mnavunja vyombo mpaka kunguru wanajua. Nikawaambia na zaidi. Nikawaambia mnaondoka kwa sababu mimi nawafukuza. Kwamba Kunoveda amewanyima shayiri, amemtoa binti yake nyumbani kwenu, na sasa mnatetemeka kwa njaa."

Blesus aliangua kicheko, kimoja, kikali kama mbweko. Mume wangu hakucheka.

"Wao pia walicheka," mzee akamwambia Blesus. "Wakasema, tuonyeshe. Kwa hiyo nimekuja mnisaidie kuwaonyesha. Mniachie moto. Ngome msiichome wenyewe. Tokeni asubuhi kwa vurugu, milango wazi, vitu vimetapakaa. Vijana wangu wataingia wakipiga kelele, watawasha. Wale watakuwa juu ya kilima wanatazama. Wakiona, sisi tutakuwa watu walioichoma Litaduno. Wasipoona, tutabaki watu walioilisha."

"Na kivukoni?" Blesus akauliza.

"Kivukoni hawatakuwapo. Nimewaambia mawindo ni yangu."

Mume wangu alizungumza kwa sauti ya chini, lakini niliisikia. Amri yake ni kubomoa kwa mikono ya askari, kutoka kwa safu, kwa tarumbeta, bendera mbele. Ikisemekana kikosi chake kilifukuzwa na wakulima wenye mienge, amekwisha. Yeye na jina lake, na mtoto wake.

"Mwanangu," Kunoveda akasema, "wewe itakwisha kazi yako. Mimi nitakwisha mimi."

Mume wangu akasema haiwezekani. Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi na mtoto barazani. Nikamwuliza kwa sauti, mbele ya wote, Ategna yuko wapi. Akajibu kwamba yuko hai. Akarudi alikotoka.

Oktoba 11
Jioni nilimwambia mume wangu jambo moja tu, kwamba kama hataki kufanya hivyo kwa ajili ya Kunoveda, afanye kwa ajili ya kiapo. Akasema kiapo hakikutaja moto. Nikamwambia anajua vizuri kilitaja nini.

Oktoba 12
Asubuhi hii, kwenye ukaguzi, alimwambia Blesus: "Nguzo za lango msizing'oe. Na kuni kavu zile za bafu, ziacheni zilipo. Ndani."

Blesus hakuuliza. Akapiga saluti ambayo sijawahi kumwona akimpigia mtu yeyote. Usiku huu amekwenda bondeni kumpelekea Kunoveda jibu.

Oktoba 14, kambini, njiani
Naandika gari likiwa limesimama.

Tulitoka asubuhi, ukungu bado mzito. Askari walikuwa wameambiwa: mtatupiwa mawe, mtatukanwa, mtakimbia mpaka kivukoni, asiinue mtu upanga. Vijana hawa wamefundishwa miaka yote jambo moja tu, kutokugeuza mgongo. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaopelekwa kuchapwa. Juu ya kilima, ukungu ulipofunguka, niliwaona wa milimani wamesimama wengi sana, kimya, mikuki imeelekezwa juu.

Kisha wa bondeni wakatoka kwenye mialda wakipiga kelele. Nilijua ni mchezo, nilikuwa nimeambiwa, na bado nikamkumbatia Materna kwa nguvu. Wanawake niliowajua, wanaume walioniletea siagi, wanapayuka mpaka mishipa ya shingo imetoka. "Nendeni! Nendeni mkaoge kwenu!" Mawe yakaanza. Mengi yalianguka karibu bila kugonga. Mengine yaligonga. Askari mmoja, kijana wa Tungri, alipasuka paji la uso, akachomoa upanga na kugeuka. Yule aliyemtupia jiwe naye akainua shoka. Niliona jambo lote linakwenda kuharibika pale, kwa sababu ya wawili wale.

Blesus alimfikia kijana wake kwanza. Alimpiga fimbo ya mgongo. "Kimbia, mjinga wewe! Umeambiwa ukimbie, kimbia!" Akampiga tena, yeye mwenyewe analia, machozi yanamtiririka hadharani. Kijana akakimbia. Wote wakakimbia. Kwenye gari la mahema, mbele yetu, mwanamke wa Blesus alikuwa amekaa wazi na watoto wake, na hakuna afisa aliyethubutu kuuliza.

Ategna alikuwa kwenye daraja la mfereji, karibu kabisa na njia. Gari letu lilipita mbele yake kama hatua chache. Materna, ndani ya lile koti, alimwona kabla yangu. Alinyoosha mikono yote miwili na kumwita, akicheka, anaruka mapajani mwangu. Alifikiri tumekuja kumchukua.

Ategna alikuwa na jiwe mkononi. Juu ya kilima walikuwa wanatazama. Alinitazama usoni, si mtoto, mimi, akalirusha. Lilinipiga begani. Bega limevimba sasa, siwezi kuuinua mkono wa kushoto.

Sijui. Tangu asubuhi nimejiuliza, na sijui.

Tuliuvuka mto bila kupoteza mtu. Nyuma yetu moshi ulipanda mweusi, na kelele za furaha zikatufikia juu ya maji. Mume wangu alipanda farasi mwisho wa safu, peke yake, amegeuza kichwa nyuma. Hakuna tarumbeta iliyopigwa.

Oktoba 15
Theluji, nyepesi.

Novemba 3
Tumefika kusini. Chumba kina unyevu. Materna anakohoa.

Novemba 9
Wakubwa wa jeshi wamemhoji mume wangu siku nzima. Walimwuliza kwa nini alikimbia. Akasema aliamriwa aondoke. Wakasema kuondoka si kukimbia, na kwamba kwa maandishi ya serikali hakuna mahali palipohamwa. Mpaka umesogezwa tu, kwa busara ya Kaisari, nchi ile ikiwa haina faida. Wamemnyang'anya kikosi. Atakuwa msimamizi wa ghala la nafaka.

Nilidhani atavunjika. Jioni alikula nyama yote sahanini, akaomba nyingine.

Novemba 12
Blesus alikuja kuaga, wanapelekwa Danubi. Amemleta mwanamke wake na watoto wakae karibu nasi. "Mama," akaniambia, "tulishinda vita kule, na mpaka leo sijui tulishinda nini." Nikambusu mkono wake wenye mikwaruzo, akaona haya kama msichana.

Novemba 20
Mvua. Mke wa Blesus anamfundisha Materna wimbo wa kwao, wa kule bondeni. Materna anajua maneno yake kuliko mimi.

Novemba 28
Leo amepita mnunuzi wa ngozi anayefanya biashara mpaka milimani. Nilimkaribisha bia ya moto na nikamwuliza kuhusu bonde letu, nikijifanya nauliza hali ya barabara.

Akasema bonde lile ni salama, hakuna anayeligusa, kwa kuwa kuna mzee mmoja shujaa aliyewafukuza Warumi kwa mienge. Wamemtungia wimbo, na milimani wanamkalisha karibu na moto. "Muongo mkubwa," mfanyabiashara akasema akicheka, "anasimulia kwamba mkuu wa Warumi alilia akiomba maji ya kuoga."

"Ana binti?"

"Anaye. Mkali huyo! Ukilitaja jina la Warumi mbele yake, anatema mate chini."

Mume wangu alikuwa mlangoni, anasikiliza. Nikamwuliza yule mtu, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kama anatema kwa chuki kwelikweli au anatema kwa ajili ya wanaotazama.

Akanishangaa, akafuta povu midomoni.

"Mama, mate ni mate. Mimi nitajuaje?"